Neno Jekundu kwenye Bili ya Eufrasia

Katika mtaa wa Alondra, mjini Loma Parda, kusini mwa Kalifornia, hapakuwa na mtu aliyeweza kuosha gari kwa raha mbele ya Eufrasia Montelongo. Ukiuacha mpira wa maji ukitiririka chini huku unasugua milango, ungemsikia ng'ambo ya ua, kwa sauti ya upole inayouma: "Jirani, huo mpira una koki, au mkono unakusumbua nije nikufungie?" Alikuwa mfupi, mnene kiasi, nywele kazisuka msuko mmoja ulioshuka mgongoni. Alipokaripia hakukunja uso. Alitabasamu, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Aliyelichukia tabasamu lile kuliko wote ni Wendell Krantz, mgane wa nyumba inayotazamana na yake, fundi mstaafu wa ndege. Krantz alikuwa na ukoka wa kijani uliokatwa ukawa kama zulia, na vinyunyizio vyake vilipofunguka asubuhi vililowesha ukoka, njia ya waendao kwa miguu, na nusu ya barabara.

"Bwana Krantz, lami haioti," Eufrasia humwambia.

"Doña Eufrasia, bili nalipa mwenyewe," humjibu, akitumia neno la Kihispania la heshima kwa mwanamke."

"Unailipa ofisi ya maji, sawa. Mto je, unaulipa nini?"

Krantz hujibu kwa kugeuza kisogo.

Eufrasia hakuupata ukali huo vitabuni. Alizaliwa kwenye kitongoji cha jimbo la Zacatecas, Meksiko, ambako maji yalikuja mgongoni mwa punda kutoka bwawa la mbali. Mama yake aliwaogesha watoto katika beseni moja, akianza na msafi na kumalizia na aliyetoka kucheza na nguruwe, kisha maji yaleyale yakapigiwa deki, na yaliyobaki yakamwagiwa pilipili. Alipofika Kalifornia akiwa msichana, kazi aliyoipata ilikuwa ya kufua mashuka katika hoteli moja ya pwani. Huko aliona kwa macho yake maji yakimwagwa kwa wingi ambao kwao ungewatosha watu na mifugo msimu mzima, eti kwa sababu mgeni kalalia shuka mara moja. Aliifanya kazi hiyo mpaka akastaafu, na hakuna siku aliyoizoea.

Mumewe, Nicanor, alikuwa fundi wa vigae. Alijulikana hasa kwa vigae vya mabwawa ya kuogelea, ile mistari ya buluu unayoiona ukingoni mwa maji. Eufrasia alimtania miaka yote kwamba nusu ya ukame wa Kalifornia umepita mikononi mwake. "Mimi natandika vigae tu," Nicanor akijitetea. "Maji wanatia wao." Walimlea binti mmoja, Yadira, aliyekuwa mwalimu mji mwingine na aliyekuja kuwatembelea mwisho wa juma. Nyumba yao ilikuwa ndogo na uani hapakuwa na ukoka hata kiganja. Palikuwa na mpichi, mkomamanga, mtini, mparachichi mmoja mkubwa, na safu ya mipungate kando ya ua, ambayo Eufrasia aliikata majani yake, akayatoa miiba na kuyakaanga na mayai.

Ukame ulipoingia mwaka wa nne, ofisi ya maji ya Loma Parda ilileta utaratibu mpya. Kila nyumba ilipewa mgawo wake kwa kuhesabu vichwa vya wakaao humo, ukubwa wa uwanja, na joto la mwezi. Ukikaa ndani ya mgawo, maji yako ni ya bei nafuu. Ukizidisha, unapanda ngazi, na kila ngazi bei yake ni kali kuliko ya chini yake. Ngazi zilikuwa na majina, nayo yalichapwa juu kabisa kwenye bili: Uangalifu, Kawaida, Uzembe, na ya mwisho, kwa wino mwekundu, Ubadhirifu.

Watu wengi walinung'unika. Eufrasia alifurahi. "Ni kama mama anayepakua chakula," alimwambia Nicanor. "Kila mtoto na sahani yake. Anayetaka kuongezewa ajue anampunguzia mwenzake." Ilipokuja kadi ya kuuliza watu wangapi wanaishi nyumbani, aliandika wawili. Krantz, aliyekaa peke yake, hakuirudisha yake kabisa, na kwa asiyerudisha kadi ofisi ilichukulia kwamba nyumba ina watu wanne.

"Wanne ni akina nani?" Nicanor aliuliza.

"Yeye, mbwa, televisheni, na ukoka," alisema Eufrasia.

Mwaka huohuo figo za Nicanor zilikata tamaa. Sukari ilikuwa imezila taratibu kwa muda mrefu. Madaktari wakamtengenezea mshipa mnene mkononi, wa kuchomekea sindano, akaanza kupelekwa kliniki mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi kutoka kule akiwa rangi ya majivu, akalala mchana kutwa, akaamka siku ya kurudi tena. Mtu aliyekuwa akibeba mifuko ya saruji huku akipiga mluzi sasa alishindwa kumaliza bakuli la supu. Hakutaka mtu ajue. Mafundi wenzake aliwaambia mgongo umemshinda. Majirani hakuwaambia kitu, na Eufrasia alilazimika kuahidi kwamba naye atanyamaza.

Muuguzi mmoja Mfilipino, Imelda Quiambao, ndiye aliyewaambia kwamba kazi ile inaweza kufanywa nyumbani, polepole na mara nyingi zaidi, na kwamba mwili huipokea vizuri. Lakini lazima awepo mtu wa kujifunza mashine, na wa kuchoma sindano.

"Nifundishe," alisema Eufrasia, kabla mume hajafungua mdomo.

Siku aliyochoma sindano ya kwanza, Imelda alisimama karibu, tayari kumdaka mkono. Haikuwa lazima.

"Mikono yako haitetemeki, Doña Eufrasia."

"Ilitetemeka siku niliyoolewa. Ikaisha siku hiyohiyo."

Nicanor alicheka, na ulikuwa muda mrefu tangu acheke.

Basi mashine ikaja nyumbani, pamoja na kichujio cha maji kikubwa kama kabati dogo, kwa sababu maji yanayokutana na damu ya mtu lazima yatakate kupita maji ya kunywa. Fundi aliifunga kwenye chumba cha nyuma, akapitisha mpira wa kutolea maji hadi kwenye bomba la taka la chumba cha kufulia. Masanduku ya dawa yakarundikwa gereji. Krantz aliyaona yakishushwa, akaamini kwamba akina Montelongo wameanza kuuza sabuni. Ndani ya miezi miwili Nicanor alikuwa anakula. Alianza tena kulalamika kwamba maharagwe hayana chumvi, na Eufrasia, aliyekatazwa na daktari kuitia, alisikia lalamiko lile kama muziki.

Kisha ikaja bili.

Eufrasia aliifungulia mezani jikoni, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba Yadira, hebu soma hapa."

Nicanor alisoma. "Ubadhirifu."

"Bili si yetu. Tarishi kakosea nyumba."

"Jina letu hili hapa, mama. Na namba ya nyumba."

"Basi bomba limepasuka."

Siku nzima alitafuta bomba lililopasuka. Aliingia chini ya sinki na tochi. Alimimina maji mekundu ya maua ya rozela ndani ya tangi la choo, akachungulia kama rangi itashuka bakulini. Haikushuka. Aliifungia nyumba nzima maji, akaenda kupiga magoti kwenye mita kando ya barabara, na mshale ukasimama tuli. Nyumba haikuvuja hata tone. Walipomwambia kliniki kwamba mashine itaongeza maji kidogo, aliitikia bila kuuliza kidogo ni kiasi gani. Sasa alijua jibu, lakini alilifungia moyoni asije akalisema mbele ya mumewe.

Akaamua kubana kwingine. Wakaoga kwa ndoo. Wakala kwenye sahani za karatasi. Uani hakumwagilia tena, na mpichi ukapukutisha majani katikati ya kiangazi. Yadira alipokuja alimkuta mama yake akisuuza nywele kwa kikombe kimoja cha maji, akasimama mlangoni akimtazama.

"Mama, hii nyumba au kambi ya jeshi?"

"Ni nyumba ya watu wenye kiasi."

Bili ya pili ikaja na wino uleule mwekundu. Safari hii ofisi ilimtuma na mtu aning'inize kadi kwenye kitasa cha mlango, ya kuonya kwamba matumizi ya nyumba hii ni makubwa kupita kiasi. Ilikuwa kadi ya rangi ya chungwa, yenye kuonekana tangu upande wa pili wa barabara. Aliyeiona kwanza ni Krantz. Alingoja kwa subira mpaka Eufrasia atoke.

"Doña Eufrasia, habari za asubuhi. Sikujua kama mmejenga bwawa la kuogelea huko nyuma."

Eufrasia aliing'oa kadi kwenye kitasa.

"Au ndiyo hiyo biashara ya sabuni?" Krantz aliendelea, akiegemea sanduku lake la barua. "Maana mimi, pamoja na ukoka wangu wote, sijawahi kufika kwenye nyekundu. Na lami nainywesha kila siku, wewe shahidi yangu."

Eufrasia aliikunja kadi, akaibana kwapani. Aliingia ndani, akafunga mlango taratibu, akaketi kwenye kochi.

Nicanor alikuwa amesikia yote dirishani. Siku hiyo haikuwa siku ya mashine. Alikuja akaketi kando yake.

"Ni mimi," alisema. "Tusizungushane. Maji nayanywa mimi."

"Bomba..."

"Hakuna bomba. Nitarudi kliniki. Kule maji ni yao, na neno watalibeba wao."

Eufrasia alimgeukia. "Nisikilize vizuri, mzee. Nilikuona uliporudi kutoka kule. Mimi sirudishi mume kliniki kwa ajili ya neno. Waliandike hata ukutani."

"Lakini linakuuma."

"Linaniuma. Nitakwenda kuwauliza wenyewe."

Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya maji. Alimkuta dirishani mwanamke wa Kivietinamu wa makamo, Bi Doan, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Bi Doan alifungua taarifa za nyumba, akanyanyua nyusi.

"Mko wawili tu?"

"Wawili."

"Labda tukurekebishie mgawo, Bi Montelongo. Nikuulize, na wewe uniambie kweli tupu. Kuna wajukuu wamehamia?"

"Hapana."

"Unalea watoto wa watu mchana?"

"Hapana."

"Mgonjwa mwenye mashine ya tiba nyumbani?"

Eufrasia alifungua mdomo. Akaikumbuka ahadi aliyompa Nicanor. "Kwangu hakuna mgonjwa," alisema.

"Farasi?"

"Farasi?"

"Wapo wenye farasi, kule juu vilimani. Farasi naye ana mgawo wake."

"Farasi anapewa maji na serikali?"

"Anakunywa, mama. Anayekunywa tunamhesabu." Bi Doan alingoja kidogo, akamtazama juu ya miwani. Alikuwa amekaa dirishani pale muda wa kutosha kumjua mtu anayeficha kitu kwa aibu na anayeficha kwa wizi. "Ukikumbuka jambo, rudi. Mimi nipo hapa kila siku ya kazi."

Eufrasia alirudi nyumbani kwa miguu, akipita nyumba za ukoka na nyumba za mchanga. Alimkuta Nicanor kwenye kiti chake cha chumba cha nyuma, akijifanya anasoma gazeti.

"Wamesemaje?"

"Wameniuliza kama tuna farasi."

"Farasi wa nini?"

"Farasi ana mgawo wake. Mtoto wa kulelewa ana wake. Mwenye mashine ya tiba ana wake. Nimeulizwa moja baada ya jingine."

"Ukajibuje? Kuhusu ya tatu."

"Nilikuahidi," alisema Eufrasia, akaanza kuvua viatu.

Nicanor aliliweka gazeti chini. Aliupapasa ule mshipa mkononi, unaotetemeka chini ya ngozi kama paka anayekoroma. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa:

"Yaani farasi wahesabiwe, mimi nisihesabiwe?"

"Umesema wewe, si mimi."

"Niletee shati la mikono mifupi."

Alikuwa hajavaa mikono mifupi tangu walipomtengeneza mshipa. Walikwenda pamoja mchana huohuo, Nicanor akitangulia na Eufrasia nyuma akimwambia apunguze mwendo. Dirishani, mbele ya foleni, Nicanor aliweka mkono wake kwenye kaunta kama fundi anayeonyesha kazi yake.

"Mke wangu alikwambia nyumba haina mgonjwa. Alikuwa ananitunzia heshima. Mgonjwa ni mimi. Nina mashine, na mashine ina kiu kushinda farasi."

Bi Doan hakuusikitikia ule mkono. Aliutazama tu, akatikisa kichwa kukubali, akatoa karatasi ya daktari ya kujaza. "Baba yangu alikuwa na mkono kama huu," alisema. "Ungemshika, ungehisi unanguruma. Leteni hii ikiwa imesainiwa. Mgawo wenu utaongezwa, na hizo bili mbili zitapigwa hesabu upya."

Ikawa hivyo. Mwezi uliofuata bili ilikuja imeandikwa Kawaida. Yadira alisema Mungu mkubwa, sasa rudisheni sahani za udongo mezani. Nicanor naye aliona mambo yamekwisha.

Kwa Eufrasia hayakuwa yamekwisha. Siku za mashine alianza kukaa chumba cha kufulia, kwenye kiti kidogo, akiutazama mpira ukitema maji ndani ya bomba la taka. Yalitoka meupe, mengi, bila kukoma, kwa saa nzima na saa nyingine.

"Unafanya nini huko?" Nicanor alimwita kutoka chumba cha pili.

"Nayaangalia. Sijui yamekosa nini hadi yafukuzwe hivi."

"Tumeshapewa ruhusa, mama. Acha yaende."

"Ruhusa nimepewa. Sikupewa upofu."

Imelda alipokuja kwenye ukaguzi wake wa kawaida, Eufrasia alimshika mkono akampeleka kwenye lile bomba. Kuuliza si ujinga. Imelda alichuchumaa, akamwonyesha kwamba kumbe ni mipira miwili iliyounganishwa kuwa mmoja. Mmoja ulitoka kwenye mashine, nao umebeba uchafu wa damu, lazima uende kwenye maji taka na usiguswe na mtu. Wa pili ulitoka kwenye kichujio. Maji ya mpira huu wa pili hayajafika hata karibu na mgonjwa. Ni maji ya bomba ambayo kichujio kimeyakataa yasiingie kwenye mashine, ila tu chumvi yake imezidi kidogo.

"Yepi ni mengi?"

"Haya ya kichujio. Kwa mbali sana."

"Yanafulia nguo?"

Imelda alifikiri. "Yanafulia. Yanamwagilia miti pia. Kunywa, hapana. Lakini msiuguse mpira wowote mpaka fundi wa kliniki aje autenganishe. Unaniahidi?"

"Mimi ahadi nashika," alisema Eufrasia. "Muulize huyo kwenye kiti."

Fundi wa kliniki alikuja akaitenganisha mipira, akapima maji, akasema yafaa. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Nicanor. Ilikuwa kama mtu amempa funguo za kiwanda. Siku zake za nafuu alitoka na futi ya chuma na penseli sikioni, akapima mteremko wa uwanja, akabishana peke yake kwa sauti. Alipitisha bomba jembamba ukutani hadi uani, kwenye pipa kubwa. Pipa alilijengea jukwaa ili maji yateremke yenyewe bila pampu, na jukwaa akalipamba kwa vigae vya buluu vilivyobaki kwenye kazi zake za zamani. Alifanya kidogo, akapumzika, akafanya kidogo. Eufrasia alimkaripia kwamba jukwaa la pipa halihitaji mapambo.

"Miaka arobaini nimewapambia wenye mabwawa," alijibu bila kugeuka. "Hili ndilo bwawa langu."

Mkomamanga na mtini iliyapokea maji yale kama ilikuwa ikiyasubiri. Mipungate haikujali, maana mipungate haijali kitu. Mparachichi ulikataa: ncha za majani yake zikaungua kwa chumvi, na Eufrasia akaanza kuutekea maji ya kuogea kwa ndoo, akiulaumu kwamba una maringo ya bibi harusi. Mpichi ulikuwa umekwisha kufa. Waliukata, na kisiki kikabaki. Nguo zilifuliwa kwa maji ya pipa, zikatoka safi. Bili ikashuka ngazi nyingine, ikaandikwa Uangalifu.

Eufrasia aliichukua bili hiyo akaenda nayo kwa Bi Doan.

"Nimekuja kurudisha nyongeza."

Bi Doan alivua miwani. "Hakuna anayerudisha, Bi Montelongo."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza."

"Usirudishe. Pipa likipasuka, au mzee akihitaji kusafishwa zaidi, utaitaka. Kuwa na mgawo si lazima kuumaliza." Kisha akashusha sauti. "Lakini kama una muda Alhamisi, wakuu wa bodi wanakaa kuwasikiliza watu. Yale majina ya ngazi yamelalamikiwa. Njoo useme."

Ukumbi ulijaa Alhamisi hiyo. Wengi walikuja kulalamikia bei, na Krantz alikuwa miongoni mwao, amekaa safu ya mbele na shati lililopigwa pasi. Alisema ana haki ya kupanda anachotaka kwenye ardhi yake, na baadhi wakampigia makofi. Eufrasia alipoitwa, mwenyekiti wa bodi, mwanamume mwenye tai ya kijivu, alimuuliza kama naye anataka bei ipunguzwe.

"Hapana," alisema Eufrasia. "Bei iacheni, hata mkiipandisha sawa. Kwetu maji tuliyatoa mbali kwa punda, na hakuna aliyeyachezea. Mimi nimekuja kwa ajili ya majina. Mume wangu anasafishwa damu nyumbani. Nyinyi mkaniandikia ubadhirifu na kuning'iniza kadi mlangoni, mtaa mzima ukasoma. Mita yenu inajua tumetumia maji kiasi gani. Haijui tumeyatumia kwa nini. Kama hamjui, msitukane. Ulizeni kwanza."

Alishukuru, akarudi kukaa. Nicanor, mwenye shati la mikono mifupi, alimsogezea kiti. Baada ya miezi kadhaa majina yaliondolewa kwenye bili, zikabaki namba tupu, na ile kadi ya mlangoni ikaandikwa upya: mstari wake wa kwanza ukawa wa kuuliza kama nyumbani kuna mtu anayehitaji maji zaidi.

Asubuhi baada ya kikao kile, Krantz alivuka barabara. Haikuwa desturi yake. Alisimama nje ya geti akiwa ameshika kofia.

"Nilisema mna bwawa," alisema.

"Ulisema."

"Sikujua kuhusu Nicanor."

"Hukuuliza. Na mimi sikukwambia. Tumetoka sare."

Krantz alipapasa ukingo wa kofia. "Ule ukoka aliupanda Marlene. Mke wangu. Nikiuangalia ukiwa kijani naona kama ametoka kidogo tu, atarudi." Alikohoa. "Nina mapipa mawili ya zamani gereji. Mazima kabisa. Kama yanamfaa."

Eufrasia alikuwa na neno tayari juu ya lami, lile lile la siku zote. Hakulitoa. Alifungua geti. "Ingia ukamwonyeshe mwenyewe. Yuko nyuma anatafuta mtu wa kumsifia vigae vyake."

Wanaume wale wawili walikaa uani hadi jua likawa kali, wakibishana juu ya mteremko na unene wa mabomba, fundi wa ndege na fundi wa vigae. Wiki iliyofuata Krantz aliirudisha ile kadi ya vichwa, akaandika mmoja. Mgawo wake ukapungua, na ukoka ukaanza kumshinda bei. Aliuacha ukauke upande wa barabarani, akabakiza kipande chini ya dirisha la chumba cha kulala, cha ukubwa wa mkeka. Kipande hicho alikinywesha kwa mkono, kwa kopo. Eufrasia alikiona kila siku na hakuwahi kukisemea.

Nicanor aliishi na mashine ile nyumbani miaka mingi kuliko madaktari walivyotazamia. Imelda alianza kuwatuma wagonjwa wapya mtaa wa Alondra, mke na mume, wakiwa na hofu usoni, waje waone jinsi watu wanavyoishi. Eufrasia aliwakalisha, akawapa kahawa na mikate ya mahindi ya moto, akawaonyesha sindano, kisha akawapeleka nyuma kwenye mapipa, maana sasa yalikuwa matatu. Aliwaambia mapema, wawili hao wakiwa bado wanashangaa: ofisi ya maji mwendeeni wiki hii hii, msingoje bili, na mkono uonyesheni bila aibu.

"Na mkiona mtu anaosha gari kwa mpira," Nicanor huongeza kutoka kwenye kiti chake, "mwacheni. Huyo ana mwenyewe wa kumkaripia."

Siku moja ya mwezi wa tisa, mashine ikinguruma na Nicanor akiwa ameunganishwa nayo, dirisha lilikuwa wazi na Eufrasia alikuwa uani kashika ncha ya mpira wa pipa.

"Leo zamu ya nani?" mume aliita.

"Mkomamanga."

"Jana pia ulikuwa mkomamanga. Mtini unaniangalia mimi hapa dirishani, unasononeka."

"Mtini una midomo? Umekwambia?"

"Umeniambia."

Eufrasia aliutazama mtini. Majani yake yalikuwa mapana, yamening'inia kidogo kwa joto. Aliukokota mpira, akauweka shinani, akakaa juu ya kisiki cha mpichi kusubiri udongo ulowe.